Kiti cha Kugeukia Ukuta

Ofisini kwa shangazi yangu kulikuwa na kiti ambacho hakuna mgeni aliyependa kukikalia. Hakikuwa kibovu. Kilikuwa kiti cha kawaida, chenye mgongo mrefu na magurudumu yaliyokwama, ila kilielekezwa ukutani na televisheni ilikuwa nyuma yake. Ukimpelekea shangazi kipindi kipya alikwambia, "Kaa hapo." Unakaa, unautazama ukuta unaobambuka rangi, naye anakuwashia kipindi chako mwenyewe nyuma ya kisogo. Kikiisha anakuuliza, "Haya, umeelewa nini?"

Watayarishaji wengi walitoka mle wameshika vichwa. Mmoja, kijana aliyesomea mambo ya filamu na kurudi na kofia ya kuvaa upande, alitengeneza kipindi cha nusu saa kuhusu mafundi wa vyungu, picha tupu na filimbi. Alikaa kwenye kile kiti mpaka mwisho, akageuka, akasema kwa unyonge, "Nimesikia filimbi."

"Na mimi pia," shangazi akamjibu. "Ni kizuri sana. Kipeleke kwenye vipindi vya usiku."

Shangazi alikuwa mkuu wa vipindi vya mchana katika kituo cha televisheni. Kuanzia taarifa ya asubuhi inapokwisha mpaka watoto wanaporudi kutoka shule, chochote kilichoonekana kwenye kioo kilikuwa mzigo wake. Jengo zima lilimwita Bi Mchana. Wachache walilitamka jina hilo kwa heshima. Wengi walilitamka kama unavyomwita mtu anayelinda mlango ambao hakuna anayeupitia, kwa sababu kituoni pale mchana ulikuwa muda wa kujaza tu. Usiku ndio uliokuwa na taarifa ya habari, mpira, tamthilia kubwa na magari yenye nembo. Mchana ulipewa makombo. Hata sofa la studio yake lilitoka studio ya habari baada ya kupasuka mshono, ndiyo maana wageni wake wote walikaa upande wa kulia.

Nilikaa kwake miaka yangu yote ya chuo na nikabaki hapo hata baada ya kumaliza, na mengi ya haya niliyasikia jioni, akiwa amevua viatu na kupandisha miguu kwenye stuli, akisimulia kwa sauti ya mtu anayetoa mashtaka. Mimi nilikuwa hakimu asiye na nyundo. Nilimmiminia chai, nikasema "Eeh," na "Kweli?" na yeye akaendelea.

Aliingia kituoni akiwa msichana wa kupanga kanda maktaba. Baadaye wakagundua ana sauti tulivu, wakamweka awe anaomba radhi pale mitambo inapogoma. "Nimewaomba watu msamaha kuliko mwizi yeyote nchi hii," alipenda kusema. Kutoka hapo akawa mtayarishaji msaidizi, kisha mtayarishaji. Mkuu wa vipindi vya mchana wa wakati huo alipostaafu, nafasi ile ikakosa mtu. Kila aliyeitwa alikumbuka mgonjwa nyumbani. Shangazi akaitwa ghorofa ya juu, kwa wakubwa.

"Shikilia kidogo tu," aliambiwa. "Nafasi ya usiku ikitokea tutakuita."

Nafasi ya usiku ilitokea mara mbili. Mara zote mbili waliitwa wanaume aliowafundisha yeye kukata na kuunga kanda, na yeye aliitwa ukumbini kupiga makofi.

Mwanzoni aliuendesha mchana kama wenzake wa usiku walivyouendesha usiku. Alitafuta picha nzuri. Alipigania kamera ya pili. Kisha siku moja alikwenda kwa fundi cherehani wake kupimwa gauni, akamkuta yule mama ameinamia cherehani yake, mguu unakanyaga, sindano inaruka, na televisheni iko juu ya kabati nyuma yake. Ilikuwa inaonyesha kipindi cha shangazi. Fundi akacheka kabla ya shangazi kuona cha kuchekesha.

"Mbona umeipa mgongo?" shangazi akamuuliza.

"Nikiigeukia," fundi akasema bila kuinua kichwa, "gauni lako utashona wewe?"

Shangazi alisema alisimama pale na pini begani, akijiona mjinga. Alitoka na nguzo moja ya kazi yake yote: watu wa mchana hawatazami televisheni, wanaisikia. Wanaosha, wanapika, wananyoa vichwa vya watu, wanabadilisha shuka wodini, wanahesabu maboksi stoo. Macho yao yana kazi nyingine. Wakigeuka wanageuka mara moja tu, kuhakikisha kama anayesema anafanana na anavyosema.

Kesho yake akakigeuza kile kiti ukutani. Na baada ya miezi ya kuombaomba akaanzisha kipindi cha saa sita mchana, mubashara, na akakipa jina "Huku Ukiendelea".

Mtangazaji alimtafuta mwenyewe. Alikuwa mama mnene wa makamo, aliyewahi kufundisha chekechea, mwenye meno yaliyopishana na nywele zisizokubali amri ya mtu. Wakubwa walipomwona kwenye kioo walishtuka. Mkuu wa habari, mtu mwembamba mwenye tai nyingi, ndiye aliyembandika jina. "Huyu si wa televisheni," alisema. "Huyu ni redio." Jina likamganda. Yeye mwenyewe hakujali. "Redio haipakwi poda," alisema, akakaa upande wa kulia wa sofa.

Lakini mama yule alijua kuongea na mtu mwenye shughuli. Alikuwa hasemi "kama mnavyoona". Alisema, "Nimeshika kitambaa, cha kijani, upana wake kama mlango. Sasa nakikunja mara mbili. Wewe uliyeko jikoni usije, endelea, nitakwambia kikiharibika." Alimleta daktari wa watoto na kumkatiza kila alipotumia neno la hospitali. Alimleta fundi bomba aeleze kwa nini bomba linalia. Alisoma salamu za watu kama vile wamesimama mlangoni. Kila baada ya muda aliuliza, "Sufuria iko sawa?" na nchi nzima, shangazi aliamini hivyo, ilienda kufunua mfuniko.

Kipindi kilikwenda miaka. Simu zilipigwa mpaka opereta, dada mmoja wa chumba cha simu mwenye lugha kali, akaomba chombo cha pili cha sikioni. Lakini ghorofa ya juu hawakuwa na habari, na sababu yake shangazi aliigundua siku moja akiwa anasubiri lifti. Jengo lile lilijaa televisheni: mapokezi, korido, kantini, na ukutani kwa kila mkubwa. Zote ziliwashwa kutwa. Na zote zilizimwa sauti, ili watu waweze kuongea na simu zao.

"Unaelewa, mwanangu?" aliniuliza jioni ile, na mguu mmoja bado una kiatu. "Watu wanaoamua kipindi changu kife au kipone hawajawahi kukisikia hata siku moja. Wanaona mama mnene anachezesha mdomo."

Alijaribu. Aliwaendea mmoja mmoja akawaomba wapandishe sauti saa sita. Walimwahidi. Mhasibu mkuu alipandisha, simu ikaita, akashusha. Shangazi akajifariji kwamba, almradi hawaelewi, hawataingilia.

Ndipo akaja Mkurugenzi mpya.

Alitoka kampuni ya matangazo, kijana bado, shati limenyooka, na alikuwa mpole. Hilo ndilo lililomkera shangazi zaidi. Mtu mkali ungemjibu ukali. Huyu alikubaliana na wewe huku anakukatalia. Alimwita shangazi ofisini, akamvutia kiti, akamwonyesha karatasi yenye picha ya msichana aliyevaa vito shingoni, nyuma yake kuna jumba na farasi.

"Mama, tumepata tamthilia," akasema. "Imetamba nchi nyingi. Picha zake ni za kulamba."

"Wanaongea lugha gani humo?"

"Ya kwao. Lakini kuna maandishi chini. Yametafsiriwa vizuri kabisa."

"Itaonyeshwa saa ngapi?"

"Saa sita mchana."

Shangazi akaitazama karatasi, akamtazama yeye. "Nani atayasoma?"

Mkurugenzi akatabasamu kwa huruma. "Mama, watu wetu wanajua kusoma."

"Sijasema hawajui! Nauliza nani atasoma huku anakata vitunguu? Atakata kidole."

"Nimekuelewa kabisa, Mama. Ni hoja nzuri. Tuilete kikaoni."

Kikao kilikuwa wiki iliyofuata. Shangazi alivaa viatu vyake vyeusi vyenye kisigino, vile alivyoviweka kwenye droo ya meza kwa ajili ya ugomvi tu. Aliomba dakika chache. Aliomba televisheni ya ukumbini iwashwe sauti, jambo ambalo lilichukua muda kwa sababu hakuna aliyejua rimoti iko wapi. Kisha akasema, "Naomba wote mgeuze viti. Tazameni ukuta."

Wakacheka, lakini wakageuza. Mhasibu mkuu, mwenye tumbo la heshima, alihitaji kusukumwa. Shangazi akawasha tamthilia, sehemu ya kwanza.

Wakubwa wakakaa kimya wakiutazama ukuta. Muziki ulipanda. Mlango ukafungwa kwa kishindo. Mwanamke akasema maneno mengi kwa haraka, mwanamume akajibu neno moja, mwanamke akaangua kilio. Kimya kirefu. Farasi akalia. Kimya tena.

"Nani kafa?" mhasibu mkuu akanong'ona.

"Hakuna aliyekufa," shangazi akasema. "Ameposwa. Analia kwa furaha. Yote hayo yameandikwa chini. Na mmeyakosa, kwa sababu hivyo ndivyo mlivyokaa, na hivyo ndivyo wanavyokaa watu wangu."

Aliniambia kwamba kwa muda mfupi alidhani amewapata. Mhasibu alikuwa anaitikia kwa kichwa taratibu. Mama mmoja wa idara ya sheria alisema, "Kweli, hata mimi nikipika..." Lakini Mkurugenzi alikuwa amegeuza kiti chake, amefumbata mikono.

"Asante, Mama. Zoezi zuri sana, limetuamsha," akasema. "Ila naomba niulize swali la kijinga. Mtu atoe hela anunue televisheni, alipie umeme, halafu aipe mgongo?"

"Si anunue redio!" mkuu wa habari akadakia.

Wakacheka, ukumbi mzima, mpaka mama wa sheria. Mhasibu alicheka mpaka akafuta macho. Na shangazi alijua, hata kabla viti havijarudi mezani, kwamba saa yake ya mchana imeondoka na kicheko kile.

"Huku Ukiendelea" kilipewa mpaka mwisho wa mwezi. Siku ya mwisho Redio aliwaaga watu wake bila machozi. Aliwaambia, "Kesho saa hii mimi sipo, kwa hiyo sufuria mziangalie wenyewe." Akapelekwa idara ya mafunzo, ambako hapakuwa na mafunzo, bali meza tatu na feni.

Tamthilia ikaanza. Nilikuwa nyumbani siku ile, nikaitazama, na kusema kweli ilipendeza. Jumba, farasi, msichana na vito vyake, mashamba ya maua mpaka mwisho wa macho. Mtu aliyekaa kwenye kochi na kukodoa angefurahi. Lakini ukinyanyuka kwenda kuzima jiko, ukirudi, msichana analia na hujui kwa nini.

Simu zikaanza. Opereta alimpandishia shangazi malalamiko bila kuyapunguza makali.

"Bosi, kuna mzee anasema televisheni yake imepoteza Kiswahili. Fundi ameifungua mara mbili, hajaona tatizo."

"Mwambie haina tatizo."

"Nimemwambia. Anasema basi tatizo liko kwetu. Na huyu wa saluni anauliza yule mama mnene amefariki? Maana wateja wake wanataka kuchanga rambirambi."

"Yuko hai. Yuko mafunzo."

"Nimwambie yuko mafunzo? Atachanga zaidi."

Wiki zikapita, simu zikapungua, na hilo ndilo lililomtisha shangazi. Anayelalamika bado yupo. Anayenyamaza amezima. Hatimaye kampuni ya sabuni, iliyokuwa ikidhamini saa ile tangu zamani, iliandika kuuliza wateja wake wameenda wapi.

Mkurugenzi akamwita. Shangazi alinipigia kutoka korido, ananong'ona kama mtoto aliyeona zawadi kabatini. "Wananirudishia saa yangu," akasema. Nilisikia visigino vyake vikigonga sakafu.

"Mama," Mkurugenzi alianza, "ulikuwa sahihi."

Maneno hayo shangazi alikuwa ameyangoja tangu siku za maktaba ya kanda. Akakaa wima ili yamwingie vizuri.

"Sauti inahitajika," Mkurugenzi akaendelea. "Kwa hiyo tumeamua yule mama wako ayasome yale maandishi, juu ya picha. Yeye peke yake, maana waigizaji wengi ni gharama."

"Na 'Huku Ukiendelea'?"

"Tamthilia tumeshainunua, Mama. Ina vipande vingi."

Alirudi nyumbani amebeba viatu mkononi. Hakutaka chai. Lakini kesho yake alishuka idara ya mafunzo, kwa sababu, alivyoniambia, kuwapa watu wake sauti ya kuwasomea ni afadhali kuliko kuwaacha bila kitu.

Redio alikuwa anakunja karatasi kutengeneza kipepeo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mimi niwe binti, niwe mama mkwe, niwe mchumba pia?"

"Ndiyo."

"Na daktari?"

"Na daktari."

"Na farasi?"

"Farasi mwache, dada yangu. Farasi anaeleweka."

Wakacheka wote wawili mpaka feni ikaonekana kama inatikisika. Kisha wakafanya kazi kama watu walioonewa. Shangazi alikaa kwenye kile kiti cha ukutani, Redio akasoma nyuma yake, na kila shangazi alipopotea aliinua mkono. Mkono ukiinuka, Redio aliongeza neno. Baada ya siku chache maneno ya kuongeza yakawa mengi kuliko yaliyoandikwa. "Kaingia mama mkwe. Kavaa zambarau, na leo hajasalimia mtu." "Anasema anampenda, ila nimemwona macho, huyu anadanganya." Na kila mlango ulipofungwa na pakawa kimya, "Msihangaike, wanatazamana tu. Sufuria iko sawa?"

Ilivuma kuliko alivyotegemea mtu yeyote. Opereta aliomba tena chombo cha pili. Kampuni ya sabuni ikatulia, ikaja na ya mafuta ya kupikia. Watu walibishana kuhusu mama mkwe madukani na kwenye foleni za benki, na walipomwigiza walimwigiza kwa sauti ya Redio.

Siku moja shangazi alikuwa anapita mapokezi saa sita, akasikia sauti. Alisimama. Msichana wa mapokezi alikuwa ameipandisha televisheni. Mlinzi alikuwa ameegemea kaunta akiwa ameipa mgongo, anaandika magari yanayoingia, anacheka. Wageni wawili kwenye makochi walikuwa wameshusha magazeti. Ilikuwa ni mara ya kwanza shangazi kusikia kazi yake ndani ya jengo lile. Alijifanya anasubiri lifti. Lifti ilikuja, ikafunguka, ikajifunga, ikaondoka, yeye bado amesimama.

Alinisimulia hilo mara nyingi, na kila mara aliishia hapo kwenye lifti, kana kwamba hakutaka kufika kinachofuata.

Kinachofuata ni kwamba Mkurugenzi aliita kikao na kutangaza kuwa tamthilia imefanikiwa mno, haifai tena kubaki mchana. Inapandishwa usiku, baada ya taarifa ya habari. Watu wakapiga makofi. Mkuu wa habari alimpa Mkurugenzi mkono, akampongeza kwa kuona mbali.

"Ya usiku itakuwa safi," Mkurugenzi akaeleza. "Tutaondoa ile sauti ya juu. Mtazamaji wa usiku ametulia, anasoma mwenyewe."

"Na mchana?" shangazi akauliza.

"Mchana mtapata marudio yake, Mama. Hamtapoteza kitu."

"Marudio yenye sauti?"

"Marudio ya usiku."

"Yenye maandishi."

"Si ni kipindi kilekile, Mama?" Mkurugenzi akasema kwa upole wake ule, na kwa dhati kabisa alionekana haoni tofauti.

Shangazi alikuwa amewaeleza kwa viti, kwa simu, kwa sabuni, kwa mafanikio yenyewe. Hakuna njia iliyobaki. Redio akarudishwa kwenye feni yake. Shangazi akaomba likizo, kwa sababu alikuwa na likizo nyingi zilizolala ambazo hakuwahi kuzigusa, na walimpa haraka kuliko alivyopenda.

Jumatatu ya kwanza alizunguka nyumba kama mgeni. Miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kuwa nyumbani siku ya kazi saa sita mchana. Alishangaa kuona jua linafika mpaka kwenye sinki. Alishangaa kelele: mbwa, muuza mchele, watoto wa chekechea wanaimba, mtu anagonga bati.

"Kumbe hivi ndivyo kulivyo," akasema. "Na mimi nilikuwa nasema washushe muziki wa mwanzo wa kipindi! Nani angeusikia?"

Akatoa meza ya pasi, akaiweka sebuleni, akachukua rundo la nguo. Akawasha televisheni. Kisha bila kufikiri akaipa mgongo, akaanza kupiga pasi blauzi yake nyeupe ya kazini.

Marudio yakaanza. Muziki, mlango, mwanamke anasema haraka haraka. Pasi ilikwenda na kurudi. Kimya. Mwanamume akasema jambo, mwanamke akalia. Niliona mabega ya shangazi yakisimama.

"Analilia nini?" akauliza.

Nilikuwa na kitabu mapajani. Nilipoinua macho, maandishi yalikuwa yamekwishapita. "Sikuwahi kuyasoma," nikasema.

Akasonya. Pasi ikaenda na kurudi. Ndipo tukasikia sauti kutoka uani kwa jirani, ng'ambo ya ukuta mfupi. Mama Pacha alikuwa anafua, na televisheni yake aliigeuzia dirishani, kama alivyofanya kila siku bila sisi kujua.

"Jamani!" Mama Pacha alikuwa anaiambia televisheni yake. "Sema basi! Umemkubali au umemkataa?"

Shangazi akageuka. Akaiacha pasi, akasogea mbele ya kioo, akainama kidogo kwa sababu miwani ilikuwa chumbani, na akaanza kusoma kwa sauti.

"'Sitaondoka katika nyumba hii mpaka...' Ee, wamefuta! Sijamaliza!"

"Nani huyo?" Mama Pacha akaita.

"Mimi, jirani! Mama mkwe anasema hatoki!"

"Hatoki? Na ile barua je?"

"Ngoja. 'Barua hiyo niliichoma mwenyewe.' Kaichoma!"

"Shenzi!" Mama Pacha akapiga nguo kwenye beseni. "Na binti yuko wapi? Kavaa nini?"

"Kasimama mlangoni. Kavaa nyeupe. Hajasema kitu, wanatazamana tu."

Akaendelea hivyo, amejishika kiuno, anasoma, anakatishwa, anawatukana walioyaweka maandishi na walioyaondoa. Sauti yake haikuwa ya Redio. Ilikuwa ile sauti tulivu ya kuomba radhi, sasa imekwaruzwa na hasira. Dirisha la nyumba ya nyuma likafunguliwa. Fundi aliyekuwa anagonga bati akaacha kugonga.

Mimi ndiye niliyesikia harufu. Nilikimbilia meza, nikanyanyua pasi, lakini blauzi ilikuwa imeshapata doa la kahawia mgongoni, umbo la pasi yenyewe. Shangazi aliitazama, akaishika mabega, akaigeuza mbele na nyuma.

"Mbele iko sawa," akasema. "Nitavaa koti."

"Utavalia wapi? Si uko likizo?"

Muziki wa mwisho ulikuwa unapiga. Uani Mama Pacha alikuwa anakamua shuka.

"Jirani!" akaita. "Kesho utatusomea tena?"

Shangazi akaenda dirishani, blauzi mkononi. "Kesho naenda kazini kugombana."

"Eh! Na likizo?"

"Likizo imezoea kunisubiri." Akaikunja blauzi. "Ila ukiniona niko hapa saa sita, ujue wamenifukuza. Basi sogeza beseni karibu."

Kisha akaniambia nimtafutie vile viatu vyeusi.